Mfarishi Usio na Mkanda: Shona Kinyume, Kisha Geuza

Ukipita kwa mafundi cherehani wa Buswelu, kuanzia kwenye vibanda vya barabarani hadi kwenye vibaraza vya nyumba za watu, chini ya meza ya kila fundi utakuta kiroba. Ndani ya kiroba mna vipande vya kitenge vilivyobaki kwenye mikono ya magauni, vya satini iliyobaki kwenye sare za harusi, na vya tetroni iliyobaki kwenye mashati ya shule. Mafundi wengine huvigawa kwa watu wa kujazia mito. Wengine huvichoma jioni pamoja na takataka za uani, na mtaa mzima ukasikia harufu.

Makala hii inahusu kitu kimoja kinachoweza kutoka kwenye kiroba hicho: mfarishi. Siku hizi wengi wetu tunasema "duveti" kwa kila tandiko nene, lakini mfarishi ni kitu chake. Ni tandiko la tabaka tatu. Juu kuna uso, ambao mara nyingi ni vipande vilivyoungwa. Katikati kuna kitu cha kuleta joto, na chini kuna bitana. Tabaka hizo tatu zinashikwa pamoja kwa uzi ili zisicheze.

Nasoma ualimu, na likizo nyingi namalizia kwenye kibaraza cha shangazi yangu, ambaye ni fundi hapa Buswelu. Nilichojifunza pale nakiandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, wenzangu wengi wa Malimbe wanaulizia kitu cha kufanya mikono isikae bure wakati bumu halijaingia. Ya pili, nimesikia watu wakisema kwamba kumaliza mfarishi kwa kuugeuza ni njia ya mkato, ya wavivu wasiojua kuweka mkanda. Sikubaliani nao, na nitaonyesha kwa nini. Kugeuza hakupunguzi maamuzi. Kunayahamisha kutoka mwisho wa kazi kwenda mwanzo, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Tatizo ni ukingo

Kuunga vipande kila mtu anaweza baada ya siku mbili tatu. Shida inakuja ukishapanga tabaka zako tatu na kutazama pembeni: kuna kingo tatu mbichi, zinachomoza nyuzi, na kila ukifua zitazidi kuchomoza. Lazima zifichwe.

Jibu la kwanza ni mkanda. Unakata vitambaa vyembamba virefu, unaviunga viwe mkanda mmoja, unaushona kuzunguka mfarishi wote upande wa juu, unaukunja kwenda nyuma, kisha unaushona tena. Kingo zote tatu zinakaa ndani ya mkanda kama mkate ndani ya karatasi.

Jibu la pili ni kugeuza. Unalaza uso na bitana zikitazamana, yaani upande mzuri kwa upande mzuri, unashona kuzunguka, unaacha mlango, kisha unapitisha kazi yote kwenye mlango huo mpaka upande mzuri utoke nje. Kingo mbichi zote zinaingia ndani zenyewe. Unaziba mlango, basi.

Siku ya kwanza nilipoona jambo hili nilimuuliza shangazi: "Sasa hii ukingo wake unaushonaje?"

Akanijibu kwa swali, kama kawaida yake. "Kola ya shati unashonaje, mwanangu?"

"Kinyume, halafu nageuza."

"Haya. Hii ni kola kubwa."

Hapo ndipo penyewe. Kila fundi wa Tanzania anayeshona shati anaijua njia hii, kwa sababu kola na kafu hushonwa hivyo hivyo. Hata foronya ya mto ni ileile, ila mlango wake hauzibwi. Kwa hiyo ukienda kwa fundi wa mtaani kwako kumwomba akusaidie, usianze kumweleza mambo marefu. Mwambie ni kola kubwa yenye blanketi ndani. Atakuelewa.

Tupige hesabu kidogo

Tuchukue mfano wa kipimo kinachopatikana kila nyumba: upande mmoja wa khanga. Upana wake ni karibu sm 150 kwa sm 110. Ukiufanya bitana, mzunguko wake ni sm 520.

Kwa njia ya mkanda, ukikata mikanda ya sm 6 kutoka kwenye kitenge chenye upana wa sm 114 hivi, unahitaji mikanda mitano. Hiyo ni sm 30 tu za kitenge, chini ya theluthi ya mita. Si kitambaa kingi. Lakini mkanda unashonwa mara mbili, mbele na nyuma, kwa hiyo cherehani kinatembea sm 1,040, na bado hujaunga mikanda wala kukunja pembe nne.

Kwa njia ya kugeuza, ukiacha sm 1 ya mshono kila upande, mfarishi wako utatoka na sm 148 kwa sm 108. Mshono wa kuzunguka ni sm 512, toa sm 30 za mlango, zinabaki 482. Ukimaliza, wengi hupitisha mshono wa juu kuzunguka ukingo wote ili utulie, na hiyo ni sm 512 nyingine. Jumla ni sm 994.

Umeona? Tofauti ya mwendo wa cherehani ni ndogo sana. Anayekwambia kugeuza ni haraka mara mbili hajapima. Unachookoa ni kukata mikanda, kuiunga, kuipiga pasi, na zile pembe nne ambazo mkanda wake humsumbua hata fundi mzoefu. Kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anashika cherehani, huo ni uokoaji mkubwa, ila tuuite kwa jina lake: unaokoa ustadi ambao bado huna.

Kabla ya cherehani

Fua kila kitu kwanza. Khanga mpya ina wanga, na kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa mara ya kwanza. Ukishona bitana isiyofuliwa kwenye uso uliotokana na nguo zilizofuliwa miaka mitano, siku ya kufua mfarishi bitana itarudi peke yake na uso utajikunja kama ngozi ya mzee. Nyekundu nayo hutoa rangi, ifue peke yake mpaka maji yatoke meupe.

Chagua cha katikati. Sisi ni watu wa pamba. Usukuma ni nchi ya pamba, na pale Ukiriguru, wilayani Misungwi, ndipo zilipotoka mbegu kama UK 77 na UK 91, na hiyo UK si Uingereza, ni Ukiriguru yenyewe. Kwa hiyo mtu wa Mwanza akisikia mfarishi, anawaza pamba moja kwa moja. Tatizo ni kwamba pamba iliyochambuliwa na kulazwa tu haina cha kuishika. Ukifua mara mbili inakimbilia pembeni na kufanya mabonge. Ukiitaka hiyo, ilaze juu ya shuka kuukuu na uishikize kwa mishono mirefu ya mkono, ili shuka liibebe. Kama ni mara yako ya kwanza, ushauri wangu ni blanketi kuukuu. Ni tabaka moja, halihami, na ukishalifua limeshamaliza kurudi.

Tazama khanga yako. Khanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yaani yale maneno, upande wa chini. Usikate. Uso wa mfarishi ndio utakaofuata kipimo cha khanga. Na kabla ya kulaza, hakikisha upande wa chini wa uso umekutana na upande wa chini wa khanga. Usipoangalia hilo, ukigeuza mfarishi wako jina litasomeka miguu juu.

Mpangilio wa tabaka

Hapa ndipo akili inapokataa, kwa hiyo soma taratibu.

Mezani au sakafuni, laza kwanza kile cha katikati. Juu yake laza uso, upande mzuri ukitazama juu. Juu ya uso laza bitana, upande mzuri ukitazama chini. Sasa uso na bitana zinatazamana, na blanketi liko nje, chini ya vyote.

Mtu wa kwanza kuona hivi husema: mbona blanketi liko nje, si linatakiwa kuwa katikati? Fikiria soksi. Ukivua soksi kwa kuigeuza, kilichokuwa ndani kinakuwa nje na kilichokuwa nje kinakuwa ndani. Mfarishi nao ni hivyo. Unachotaka kiwe katikati mwisho wa kazi, lazima kiwe nje mwanzoni. Ukiweka blanketi katikati ya uso na bitana sasa hivi, ukigeuza litatokea nje, na kazi yote ni ya kufumua. Kama huamini, chukua leso mbili na karatasi ya tishu, shikiza pembeni kwa uzi, ugeuze. Dakika tano zinatosha.

Acha blanketi lizidi kwa sm 3 kila upande, utalipunguza baadaye. Shikiza kwa pini kuzunguka, moja kila sm 10 hivi. Usione uvivu hapa. Bitana iliyo juu husukumwa na mguu wa cherehani, na blanketi lililo chini huvutwa na meno yake. Bila pini, ukifika mwisho utakuta vitambaa havilingani, na kile kilichozidi hakina pa kwenda.

Mlango

Mlango ni ile sehemu usiyoishona, ambayo mfarishi wote utapita. Ukiwa mdogo, utavuta na kurarua mishono ya jirani yake. Ukiwa mkubwa, utakuwa na sehemu ndefu ya kuziba kwa mkono, nayo itaonekana. Kwa kipimo cha khanga, sm 30 zinatosha. Kwa kimfarishi cha mtoto mchanga, sm 15. Kipimo cha fundi ni ngumi: ngumi yako, ikiwa imeshika kitambaa, ipite bila kulazimisha.

Uweke katikati ya upande mmoja ulionyooka. Usiuweke kwenye pembe hata siku moja, maana pembe inataka mshono wa cherehani ili itoke kali. Usiuweke pia mahali ambapo vipande viwili vya uso vimeungana, kwa sababu mshono wa muungano huo utaanza kufumuka ukivuta. Kila upande wa mlango, rudi na cherehani nyuma mara tatu. Hapo ndipo nguvu zote za kuvuta zitakapoishia.

Kuna ujanja mmoja ambao shangazi anaupenda. Kabla ya kugeuza, pitisha mishono mirefu ya kushikiza kwenye mlango wenyewe, kana kwamba unauziba. Piga pasi mshono huo ukiwa umeufungua huku na huku. Kisha fumua ile mishono mirefu tu. Kitambaa kitakuwa kimeshakariri mahali pa kujikunja, na siku ya kuziba mlango utakuta mstari umenyooka unakusubiri.

Pembe, na kupunguza

Ukimaliza kushona, usigeuze bado. Punguza blanketi mpaka karibu kabisa na mshono, ila mshono usiuguse. Ukiliacha, litakaa ndani ya ukingo kama kamba.

Kwenye kila pembe, kata kwa mshazari, ukiacha kama mm 3 kutoka kwenye mshono. Sababu yake ni nafasi tu: ukigeuza, vitambaa vyote vya pande mbili vinakutana kwenye kona moja, na vikiwa vingi pembe inatoka kama kidole gumba. Kwa kitambaa kizito, pembeni usigeuke moja kwa moja. Piga mshono mmoja wa kukatisha kona, halafu endelea. Inaonekana kama utapata pembe butu, lakini ukigeuza inatoka kali kuliko ile ya kona kamili.

Sasa ingiza mkono mlangoni, kati ya uso na bitana, si kati ya bitana na kitu kingine. Fika kwenye pembe ya mbali kabisa, ishike, vuta. Kisha ya pili. Zile za karibu na mlango ziwe za mwisho. Pembe zisukume kwa kitu butu, kama kalamu iliyoisha wino ikiwa na kifuniko chake. Mkasi usiingie humo. Piga pasi kingo zote, ziba mlango kwa mishono midogo ya mkono, halafu pitisha mshono wa juu kuzunguka, nusu sentimita kutoka ukingoni.

Kufunga tabaka

Wengi huishia hapo, wakatandika. Baada ya mwezi wanalalamika kwamba uso unateleza na blanketi limejikusanya chini. Mfarishi haujaisha mpaka tabaka tatu zifungwe pamoja katikati, na hili ndilo gumu la njia ya kugeuza.

Kwenye njia ya mkanda, unapitisha mistari ya cherehani kukiwa na kingo wazi. Kitambaa kikisogea kidogo, kinatokea pembeni, unakikata. Kwenye kugeuza, kingo zimeshafungwa. Kitambaa kinachosogea kinafika ukingoni na kukwama, na hapo unapata mikunjo isiyotoka hata kwa pasi.

Ndiyo maana nashauri mafundo badala ya mistari. Tumia uzi mzito wa pamba, uwe mara mbili. Shusha sindano mpaka chini, irudishe juu nusu sentimita pembeni, funga fundo la mara mbili, acha ncha za sm 2. Anzia katikati ya mfarishi, nenda ukitoka nje. Fundo na fundo ziachane kwa upana wa kiganja kama ndani kuna pamba ya kulazwa. Kwa blanketi unaweza kuachanisha zaidi. Fundo halisukumi kitambaa, linakishika tu pale kilipo.

Kama moyo wako unataka mistari, basi ipitishe mapema: shona uso na blanketi pamoja kwanza, kabla ya kuweka bitana. Kisha laza bitana, shona kuzunguka, geuza, na malizia kwa mafundo machache ya kushika bitana. Tena ni lilelile la maamuzi kuja mwanzo.

Lini usigeuze

Sasa niseme upande wa pili, maana kila njia ina bei yake.

Jirani yetu mmoja, dada aliyejifungua, alimletea shangazi mfuko wa nguo za marehemu mama yake: gauni moja la kitenge, blauzi mbili, na upande mmoja wa khanga. Alitaka mfarishi wa mtoto, na alisisitiza mambo mawili. Khanga isikatwe, kwa sababu jina lake mama alikuwa analirudiarudia. Na pasiongezwe kitambaa cha dukani kinachoonekana. "Nataka awe bibi yake mtupu," alisema.

Gauni lililochakaa kwapani na kiunoni halitoi mikanda mirefu. Ungepata vipande vya sm 20, sm 25, uviunge zaidi ya mara 20 ili kuzunguka sm 520, na kila muungano ni bonge ukingoni. Kwa hiyo kugeuza kulionekana ndiyo njia pekee. Lakini shangazi hakukimbilia cherehani. Alimwambia yule dada jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria.

Mfarishi hufa kuanzia ukingoni. Ndipo unaposhikwa, ndipo unapovutwa, ndipo mtoto anapotafuna, na ndipo unaposuguliwa kwenye beseni. Mkanda kazi yake nyingine ni kufa kwanza. Ukichakaa unaufumua na kuweka mwingine, na mfarishi wenyewe uko salama. Mfarishi uliogeuzwa hauna mlinzi huyo. Kitakachochakaa kwanza ni kitambaa chenyewe cha mama yake.

Yule dada alinyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hiyo shangazi tufanyeje?"

Wakaelewana hivi. Upande wa bitana haukuwa na shida kubwa, kwa sababu khanga imejilinda yenyewe: ukingoni kuna pindo, na jina liko ndani yake. Likianza kulika, pindo ndilo litakalotangulia. Upande wa uso, walitenga blauzi zote mbili ziwe fremu ya nje, kwa sababu zilikuwa za kitambaa kigumu na yule dada alisema mama alizivaa shambani tu. Gauni la kitenge, lile la kanisani, likakaa katikati. Fremu hiyo iliungwa kwa vipande vifupi pia, lakini muungano uliopigwa pasi na kulala bapa kwenye uso hausumbui kama muungano uliokunjwa ndani ya mkanda. Blanketi la ndani lilikuwa kuukuu la kwao. Uzi tu ndio ulionunuliwa.

Huo ndio uamuzi ninaouzungumzia tangu mwanzo. Kwenye njia ya mkanda, swali la "nini kitachakaa kwanza" unaweza kulijibu mwisho. Kwenye kugeuza, inabidi ulijibu kabla hujakata kipande cha kwanza, kwa sababu ukishageuza ukingo hauulizwi tena.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii. Kimfarishi cha mtoto, cha kuning'iniza ukutani, au cha kujifunika miguu wakati wa kusoma usiku upepo wa ziwa ukivuma: geuza. Cha kitanda cha futi tano kwa sita, kitakachofuliwa kila wiki na watu wawili kukivutana: weka mkanda. Kikubwa vile ukikigeuza unapambana na mzigo mzito mlangoni, na hutaweza kukipa mistari ya kutosha katikati.

Njia ya tatu, ng'ambo ya bahari

Wapo watu waliolijibu swali la ukingo bila mkanda na bila kugeuza. Ni Wasidi wa jimbo la Karnataka, India, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi kwa karne kadhaa, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mifarishi inayoitwa kawandi, wakitumia nguo kuukuu za familia. Profesa Henry John Drewal wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, amefanya utafiti mwingi juu ya kazi yao.

Mshonaji wa kawandi haanzi na uso uliokwisha kuungwa. Analaza sari kuukuu chini, anaanzia pembeni kabisa, anakunja ukingo ndani, anaweka kipande, anakishona kwa mkono mpaka kwenye tabaka la chini, anaweka kinachofuata, na kuzunguka hivyo akielekea ndani mpaka afike katikati. Kuunga, kukunja ukingo na kufunga tabaka vyote vinakwenda kwa mshono mmoja. Kwenye pembe nne huongeza vipande vidogo vya pembetatu vilivyokunjwa, wanavyoviita phula, yaani maua. Bila maua hayo wao huhesabu kwamba kawandi haijakamilika.

Ukiilinganisha na kazi yetu unaona kitu. Mwenye mkanda anamalizia ukingo mwisho. Anayegeuza anauamua mwanzo na kuuona mwisho. Msidi anaumaliza mwanzo kabisa, kisha anaenda ndani akiwa hana wasiwasi nao. Hahitaji cherehani, hahitaji meza, wala hahitaji mlango. Anahitaji muda. Mwanafunzi wa geto lisilo na umeme wa uhakika aifikirie njia hii.

Kwa walimu watarajiwa

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeingiza mkondo wa amali sekondari. Baadhi yetu tutajikuta tunasimamia wanafunzi wenye sindano mkononi, hata kama tulisomea historia. Kazi hii ina kipindi kizima ndani yake. Mzunguko wa mstatili upo. Makadirio yapo. Na kuna swali moja ambalo nimelijaribu kwa watoto wa mtaani na linafanya kazi: kabla hawajageuza, waulize kila tabaka litatokea wapi. Waandike. Kisha wageuze. Aliyekosea haitaji kuambiwa na mwalimu, kitambaa kimeshamwambia.

Vifaa havina gharama ya kututisha. Mwombe fundi wa karibu asichome kiroba chake, mwambie utakipitia Ijumaa. Wengi watakupa bure, maana unawaondolea taka. Chambua pamba na tetroni mbalimbali, kwa sababu pasi ya pamba huyeyusha tetroni. Anza na kidogo, leso mbili na kipande cha blanketi, ugeuze mpaka mkono uzoee.

Na kuhusu ule ukingo usio na mlinzi, kuna faraja moja. Siku utakapochakaa, labda miaka sita, labda kumi, mfarishi uliogeuzwa bado unaweza kuwekewa mkanda juu ya ukingo uleule, bila kufumua chochote. Yule dada ameshaambiwa hivyo. Mkanda haujafutwa, umeahirishwa, na siku hiyo ikifika huenda mtoto mwenyewe atakuwa anajua kuushona.